Kumwazima Mwanafunzi wa Shule Binafsi Kitabu cha Maktaba ya Serikali: Mwongozo kwa Mwalimu wa Maktaba

Alikuja saa tisa na nusu alasiri, binti wa kidato cha tatu aliyevaa sweta ya shule nyingine. Alisimama mlangoni mwa maktaba akaniamkia, nikaitikia. Akasema shuleni kwao kitabu cha usomaji wa ramani ni kimoja na anacho mwalimu, basi kama inawezekana asome cha kwetu hapo hapo, hata kwa kusimama. Nilimvutia kiti. Alinakili mpaka saa kumi na moja, akanirudishia kitabu, akashukuru na kuondoka.

Usiku ule niliwaza: je, angeomba aende nacho nyumbani? Rejesta yangu ilikuwa na safu za mikondo yetu tu. Ningemnyima kitabu ambacho siku hiyo hakuna mwanafunzi wetu aliyekitaka, au ningempa kienyeji, na kikipotea deni ni langu. Ilinichukua karibu mihula miwili kupata utaratibu unaokwenda. Nauandika hapa kwa ajili ya mwalimu wa maktaba wa sekondari ya serikali Tanzania Bara, hasa shule ya kata, ambaye jirani zake ni shule binafsi zenye majengo mazuri na kabati tupu.

Anayeazima ni mtoto

Utaulizwa na wazazi, na walimu wenzako watakuuliza kwa sauti kubwa zaidi: wao wanalipa ada, kwa nini watumie vya kwetu? Mimi hujibu kwamba vitabu hivi vimenunuliwa kwa kodi, na mzazi aliyempeleka mwanawe shule binafsi hakuacha kulipa kodi siku alipolipa ada. Tena wengi wao si matajiri. Wapo wanaosomeshwa na mjomba, wapo wanaolipiwa kwa mkopo wa kikoba. Ila jibu hilo lina mpaka wake. Mwanafunzi wa shule yenye kitabu ndiye wa kwanza, siku zote. Siku mtoto wako akikosa kitabu kwa sababu kiko kwa jirani, utaratibu wote umekufa, na ni haki ufe.

Marekani walibishana juu ya jambo hili mpaka Mahakama ya Juu. Sheria yao ya elimu ya mwaka 1965 ilitoa fedha za vitabu vya maktaba za shule na ikataka watoto wa shule binafsi nao wafikiwe, lakini vitabu vibaki mali ya mamlaka ya umma. Mwaka 1968, katika kesi ya Bodi ya Elimu dhidi ya Allen iliyotoka New York, majaji walikubali wanafunzi wa shule binafsi, hata zile za dini, waazimwe vitabu vya kiada, kwa hoja kwamba anayefaidika ni mtoto na mzazi wake. Mwaka 2000, kesi ya Mitchell dhidi ya Helms ya huko Louisiana iliruhusu vitabu vya maktaba na kompyuta viazimwe shule zenyewe. Hatufuati sheria zao, na katiba yao ina ugomvi wa dini na dola ambao sisi hatunao kwa namna ile. Nimewataja kwa sababu wamenisaidia kuliona jambo moja ambalo mkaguzi yeyote wa hapa atakuuliza: kitabu ni cha nani kikiwa nje? Jibu liandikwe kila mahali. Ni cha shule yako, kiko nje kwa tarehe maalumu, mkononi mwa mtoto mwenye jina.

Hatua ya 1: Hesabu kabla ya kuahidi

Usimwambie mtu yeyote chochote kabla hujajua una nini. Chukua wiki moja, wewe na viranja wa maktaba wawili, mtoe vitabu vyote kwenye rafu mvipange mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vitabu vya kiada, vile vya Taasisi ya Elimu Tanzania ambavyo wanafunzi wako wanagawiwa darasani. Hivi havitoki. Hata ukiona vimebaki kumi stoo, kumbuka mwezi Januari kidato cha kwanza wanakuja, na idadi yao huijui.

Fungu la pili ni vya rejea: kamusi, atlasi, ensaiklopidia, jedwali za hisabati. Hivi mgeni anasoma humo ndani, haendi navyo.

Fungu la tatu ni vya ziada: riwaya, tamthilia, ushairi, vitabu vya sayansi vya waandishi mbalimbali, mitihani iliyopita iliyojalidiwa. Hapa ndipo pa kuazimisha, na hapa ndipo pa kutumia akili. Fungua rejesta ya mihula miwili iliyopita uone kila kitabu kimetoka mara ngapi. Kwangu nilikuta vitabu vizuri kabisa vya biolojia na historia ambavyo havikuwa vimetoka mwaka mzima. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kurasa kiasi kwamba ukipitisha kidole linabaki mstari. Anza na hivyo. Mtoto wako hatapungukiwa na kitu, na mara nyingi akiona mgeni anakitafuta kitabu fulani, yeye naye ataanza kukiulizia.

Kwa vile vinavyotembea, jiwekee kanuni ya nakala. Yangu ni hii: kitabu chenye nakala tano au pungufu hakitoki nje ya shule, chenye zaidi ya tano, thuluthi moja tu inaweza kwenda kwa wageni. Tuseme riwaya ina nakala 14. Wageni wanaweza kuwa na nne kwa wakati mmoja. Kumi zinabaki, na kama mwalimu wa Kiswahili anaifundisha muhula huo, zote 14 zinabaki. Muulize mwalimu wa somo kila mwanzo wa muhula, usikisie.

Hatua ya 2: Ruhusa ya maandishi

Usifanye kwa mapenzi yako peke yako, hata kama mkuu wa shule amekuambia kwa mdomo "hamna shida". Wakuu wa shule huhamishwa, na anayekuja atakukuta na vitabu 30 nje visivyo na karatasi.

Anza na mkuu wa shule, kisha jambo liingie kama ajenda kwenye kikao cha bodi ya shule na muhtasari uandikwe. Baada ya hapo barua iende kwa Mkurugenzi wa Halmashauri kwa ajili ya Afisa Elimu Sekondari, ipitie kwa Afisa Elimu Kata. Mwili wa barua uwe mfupi. Yetu ilisomeka hivi:

"YAH: KUAZIMISHA VITABU VYA ZIADA KWA WANAFUNZI WA SHULE JIRANI. Shule inaomba ridhaa ya kuwaazimisha wanafunzi wa shule zilizotajwa hapo chini vitabu vya ziada vya maktaba. Vitabu vya kiada na vya rejea havitahusika. Umiliki utabaki kwa shule. Wanafunzi wa shule hii watapewa kipaumbele. Hakuna malipo yatakayotozwa. Taarifa ya idadi ya vitabu itawasilishwa kila mwisho wa muhula."

Subiri jibu. Likichelewa, kamfuate Afisa Elimu Kata ukiwa na nakala ya muhtasari mkononi. Mara nyingi barua imelala chini ya nyingine tu. Wakati unasubiri unaweza kuwaruhusu wageni kusoma ndani kwa idhini ya mkuu wa shule.

Hatua ya 3: Makubaliano na shule ya mtoto

Nimesema anayeazima ni mtoto. Hata hivyo shule yake lazima iwe nyuma yake, maana wewe huna namna ya kumpata akimaliza kidato cha nne mwezi Novemba na kurudi kwao. Shule yake inayo: ina anwani yake, ina mzazi wake, na inaweza kumsubirisha kwenye karatasi ya mwisho ya kuondoka shuleni mpaka kitabu kirudi.

Hati ya makubaliano isizidi ukurasa mmoja. Iseme nani anahusika (shule mbili, kwa majina na namba za usajili), vitabu gani, kwa muda gani, nani mwalimu wa mawasiliano kila upande, na kitabu kikipotea nini kinafuata. Isainiwe na wakuu wote wawili, mihuri yote miwili. Weka sentensi hii bila kuionea haya: "Shule mwenye kitabu inaweza kukiita kitabu chochote kirudi ndani ya siku tatu endapo wanafunzi wake watakihitaji." Ukiwa na sentensi hiyo, walimu wenzako watatulia.

Halafu uliza wao wana nini. Shule binafsi nyingine haina vitabu lakini ina maabara yenye vifaa, au projekta, au chumba cha kompyuta kinachokaa bure Jumamosi. Shule tuliyoshirikiana nayo ilifungua maabara yake kwa wanafunzi wetu wa kidato cha nne kwa ajili ya majaribio ya kemia, Jumamosi nne kabla ya mtihani. Sikuwahi kuona bodi ikishangilia hivyo. Wazazi waliokuwa wakinung'unika kuhusu vitabu walinyamaza kabisa.

Pesa usiombe. Najua shule moja iliyoanza kuwatoza wageni shilingi mia tano kila kitabu; waliokuja baada ya hapo ni wale tu ambao wangeweza kununua kitabu wenyewe. Na fedha ikipita mkononi mwa mwalimu bila kuingia kwenye akaunti ya shule kwa utaratibu wake, hilo ni kosa la kiutumishi hata kama nia ilikuwa njema.

Hatua ya 4: Rejesta ya pili

Usichanganye wageni na wenyeji kwenye rejesta moja. Nunua kauntabuku ya kwaya tatu, chora safu kwa rula: tarehe, jina kamili, shule, kidato, namba ya kitabu, jina la kitabu, hali yake kinapotoka, tarehe ya kurudi, sahihi ya mwanafunzi, na mwisho safu mbili za siku ya kurudi: hali yake na sahihi yako.

Mara ya kwanza mgeni aje na vitu viwili, kitambulisho cha shule yake na fomu ndogo iliyosainiwa na mzazi au mlezi na kugongwa mhuri wa shule. Mtoto wa bweni, patroni au matroni atasaini kwa niaba. Fomu zihifadhi kwenye faili lako, kabatini, kabati lifungwe. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na jina la mtoto pamoja na namba ya simu ya mzazi wake si vitu vya kuacha mezani kila mtu avifunue. Usiandike usichokihitaji. Dini, kabila, kazi ya baba, vya nini?

Kitabu kimoja kwa mara moja, siku 14. Nilijaribu vitabu viwili nikaacha.

Hatua ya 5: Kitabu chenyewe

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu vitabu vingi havipotei kwa wizi. Vinapotea kwa kutojulikana ni vya nani. Kitabu kikikutwa kwenye benchi la daladala bila alama, aliyekiokota atakirudisha wapi?

Kila kitabu kinachoruhusiwa kutoka kiwe na namba ya rejesta ya maktaba, iandikwe kwa kalamu ya wino kwenye ukurasa wa jina la kitabu na irudiwe ukurasa wa mwisho. Mhuri wa shule upigwe sehemu tatu: ukurasa wa jina, ukurasa wa mwisho, na ukurasa mmoja wa siri ambao ni ule ule kwa vitabu vyote. Mtu akichana kurasa za mbele na za nyuma, ukurasa wa siri utasema kweli. Uchague wako, mwambie mkuu wa shule na makamu wake tu.

Kama maktaba yako inafuata mpangilio wa Dewey, yaani ule wa kupanga vitabu kwa namba za masomo, andika namba yake kwenye uti wa kitabu: hisabati 510, fizikia 530, kemia 540, biolojia 570, fasihi ya Kiswahili 896.392. Kama hamfuati, wala usijitese sasa. Herufi za somo na namba ya rafu zinatosha ili kiranja ajue pa kukirudisha.

Jalada lifunikwe kwa karatasi ya kaki au nailoni nzito. Kisha kabla hakijatoka, kifungue mbele ya mwanafunzi, mkipitie pamoja. Hili ni jambo la dakika moja na limeniokoa mara nyingi kuliko mhuri. "Ukurasa wa 43 umechanika chini, 112 una wino, jalada la nyuma limelegea." Andika. Mtoto anasikia kwamba kitabu kimejulikana hadi jeraha lake, naye anakibeba tofauti. Kikirudi, mkipitie tena, naye akiwepo. Usikubali kitabu kurushwa mezani na kuachwa kwa sababu basi linaondoka.

Hatua ya 6: Siku na saa

Chagua siku ambazo maktaba yako haina msongamano. Kwetu ni Jumatano saa 9:30 hadi saa 11:00 jioni, na Jumamosi saa 3:00 hadi saa 6:00 mchana. Mgeni anaripoti kwa mwalimu wa zamu kwanza, anaandikwa, ndipo anakuja maktaba. Wasichana wanaotoka mbali waje wawili wawili, na waruhusiwe mapema ili wafike kabla ya giza. Ukiona binti anachelewa kuondoka kwa sababu hajamaliza kunakili, mwazime kitabu aende.

Mwezi Oktoba na Novemba, kabla na wakati wa mitihani ya taifa ya kidato cha pili na cha nne, funga uazimishaji. Vitabu vyote virudi mwishoni mwa Septemba. Wageni wanaweza kuendelea kusoma ndani kama kuna viti.

Hatua ya 7: Tranka kwa shule ya mbali

Shule ikiwa kilomita nane na watoto wanatembea, siku 14 na kitabu kimoja havina maana. Wape tranka. Chukua sanduku la bati lenye kufuli, weka vitabu 30 hadi 40 vya ziada, bandika orodha ndani ya kifuniko, nakala ya pili ibaki kwako, ya tatu kwa mwalimu wao wa mawasiliano. Tranka linakaa muhula mmoja. Mwalimu wao ndiye anayeazimisha huko na kuandika.

Hapa anayeazima amekuwa shule, kwa hiyo kanuni zinakaza kidogo. Hesabu ifanyike kitabu kwa kitabu siku ya kutoka na siku ya kurudi, walimu wote wawili wakiwepo, sahihi zote mbili. Usilikabidhi tranka kwa bodaboda peke yake, hata akiwa mtu wa kanisani kwenu. Na anza na vitabu 15 muhula wa kwanza. Shule iliyorudisha 15 kamili itapewa 40.

Usisahau kwamba kuna maktaba ambazo kazi yake ni hii hasa. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania ina maktaba za mikoa, nazo hupokea wanachama watoto na wanafunzi bila kuuliza shule ni ya nani. Maktaba Kuu ya Taifa pale Mtaa wa Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mgeni wako akiwa anaishi karibu na maktaba ya mkoa, mwelekeze huko kwa vitabu usivyonavyo.

Kikipotea

Kitalipwa kwa kitabu. Nakala ile ile, au kama haipatikani dukani, kitabu cha somo hilo hilo ambacho mwalimu wa somo amekikubali. Mzazi anapewa siku 30. Shule yake ndiyo inayofuatilia, wewe unaandika barua moja tu. Kitabu kipya kikija kipewe namba mpya, na kwenye namba ya zamani andika kwa wino mwekundu "kimelipwa kwa namba fulani". Usifute, usichane ukurasa wa rejesta.

Kilicholowa na mvua kianike kivulini, kurasa zikitenganishwa kwa karatasi kavu. Juani kurasa hupinda na gundi hukatika. Mtoto aliyekuja mwenyewe akasema kimelowa usimzuie kuazima tena. Umzuie yule aliyekirudisha kimenata na kunyamaza.

Kuhusu kutoa kopi

Utaombwa: "Mwalimu, nikatoe kopi kitabu chote nirudishe kesho?" Hapana. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi, na maktaba ya shule isiwe mlango wa kumwibia. Kurasa chache za zoezi kwa ajili ya kujisomea ni jambo jingine. Vitabu vya kiada anavyovitafuta huenda vimo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kama shule yake ina kompyuta na intaneti, mwonyeshe mwalimu wao namna ya kuifungua. Saa moja ya kufundisha hilo itakupunguzia nusu ya foleni.

Mwisho wa muhula

Wiki moja kabla ya kufunga, vyote viwe vimerudi. Hesabu, kisha andika taarifa ya ukurasa mmoja: vitabu vilivyotoka, vilivyorudi, vilivyoharibika, vilivyopotea na vilivyolipwa, kwa kila shule. Ongeza orodha moja ambayo hakuna atakayekuomba, nayo ndiyo ninayoithamini kuliko zote: vitabu vilivyoulizwa na havikuwepo. Ninaiandika nyuma ya rejesta, jina la kitabu na idadi ya walioulizia, wa kwetu na wageni, kila siku bila kuacha. Kwenye kikao cha bodi huisoma kuanzia kilichoulizwa mara nyingi. Muhula ule wa kwanza juu ya orodha kulikuwa na kitabu cha usomaji wa ramani. Bodi iliidhinisha nakala sita, na ya kwanza kupigwa mhuri ilitoka Jumatano iliyofuata, ikapokelewa na mikono ya sweta ile ile.